Rangi ya Bomba la Moshi

Mjukuu wangu Hamisi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako ameacha kukohoa, na mbuzi kazaa. Unauliza upake rangi gani bomba la tanuri lako la mikate huko Tanga. Nitakujibu, ila kwa jambo nililomficha hata bibi yako.

Mwaka wa Maji Maji nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma shule ya Wajerumani hapa Kilwa. Mjomba wangu Salehe alipewa kazi ya kupaka bomba la mashine ya kuchambulia pamba. Akanionyesha makopo mawili yaliyoandikwa Kijerumani. "Haya msomi, isiyoogopa moto ni ipi?"

Maneno yale sikuyajua. Nikaona haya kusema, nikanyoosha kidole tu.

Mashine ilipowashwa rangi ikashika moto, cheche zikaangukia pamba, ghala likateketea. Msimamizi akasema mjomba kanywa maji ya waasi, kachoma makusudi. Mjomba alinitazama, asinitaje. Nami nikanyamaza. Wakamnyonga.

Basi wewe paka kwanza kipande cha bati, ukiweke motoni kutwa. Rangi isipobabuka, ndiyo hiyo. Na muuzaji akikwambia hajui, mshukuru.

Babu yako