Kitu Kikiganda

Chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu,
Idara ya Sayansi ya Kompyuta,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usiniambie "halijambo" tu kama ulivyozoea. Nataka kujua kama ngazi za mlangoni unazipanda mwenyewe au bado unamshika Mkaza-mjomba bega. Na yeye je, dawa ya presha anaimeza au anaificha chini ya sahani? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo. Usimwambie mama.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu imetushinda. Tangu nilipoiacha fizikia nikaingia kwenye kompyuta, na wewe ukasema nimekuhama, mazungumzo yetu yamekuwa hujambo, sijambo, haya ongea na mama yako. Wewe uliyenifundisha fizikia, darasani na sebuleni! Nakukumbuka Mjomba, mpaka inauma.

Sasa nikupe umbea wa kazini. Sisi watu wa nadharia kompyuta yenyewe hatuigusi sana. Tunasimama ubaoni na chaki, tunajiuliza ni kazi ipi mashine itaimaliza na ipi itaishinda hata ikipewa muda wote wa dunia. Mwaka huu nahangaika na swali la wageni. Una ukumbi umejaa watu, baadhi yao hawapatani, na unataka kuwapanga asikae mtu meza moja na hasimu wake. Ugomvi ukiwa mchache, si kazi. Ukizidi kidogo tu, hesabu inakuwa ngumu ghafla. Familia yetu unaijua, huhitaji mfano mwingine.

Basi, paa la wanafizikia likavuja, wakahamishiwa kwenye korido yetu. Nikapangiwa chumba na mmoja wao, mtu mpole mwenye sweta lililotoboka viwiko. Tunamwita Barafu, kwa sababu miaka yote anachunguza jinsi vitu vinavyoganda. Wana mambo yao hawa. Sisi majina ya waandishi tunayapanga kwa alfabeti. Wao aliyetoka jasho zaidi ndiye wa kwanza. Sisi bila uthibitisho hatulali. Wao wakiona mchoro umenyooka wanaagiza chai.

Barafu aliwatazama wageni wangu ubaoni, akasema yeye anaona sumaku ndogondogo, kila moja inavutwa huku na kusukumwa kule. Nikamcheka. Lakini nikaiachia mashine iwapange wageni, huku tukiwaongezea ugomvi kidogo kidogo. Wiki nzima ikawa inahesabu. Siku moja natoka maktaba, namkuta Barafu kasimama mbele ya mashine, meno yote nje.

"Imeganda!" akaniambia.

Nikairukia mashine, nikaizima.

"Umefanya nini wewe?" Barafu akashtuka.

"Si umesema imeganda?"

"Hesabu ndiyo imeganda, dada, siyo kompyuta! Wageni wamefika mahali hakuna anayeweza kuhama kiti bila kuwahamisha wote. Si ndicho tulichokuwa tunakitafuta?"

Kazi ya wiki ikaenda na maji. Nilikaa chini nikalia, Mjomba, halafu nikamwona Barafu anavyojikaza asicheke, nikacheka mimi.

Tulipotulia akanieleza. Kitu kikiganda vibaya, wao hukipa joto. Wanawaacha wageni wakae ovyo kwa muda, hata na mahasimu wao, kisha wanalipunguza joto polepole mpaka kila mmoja anapata mahali pake. Hilo nilikuwa nalijua. Lile kopo lako la gololi! Ulituambia tulitikise kwa nguvu, halafu polepole, halafu polepole zaidi, na gololi zikajipanga zenyewe mpaka mfuniko ukafunga. Aliyeacha ghafla, wake haukufunga. Wangu haukufunga hata siku moja, na ulinicheka sana.

Tumejaribu upya kwa njia hiyo, na imekubali: wageni wamekaa bila ugomvi. Mwezi ujao tunakwenda kuieleza mbele ya watu wa kompyuta na watu wa fizikia, ukumbi mmoja. Barafu ana aibu, kwa hiyo nitasema mimi. Nataka nianze na kopo la gololi, lakini sitaligusa bila ruhusa yako. Na wakiniuliza nimelitoa wapi, niseme ni la mjomba wangu, au niseme ni la mwalimu niliyemhama?

Nisalimie Mkaza-mjomba, na binamu yangu Kinyozi, umwambie nywele zangu bado zinamlilia. Bibi mbusu mashavu yote mawili. Mungu akujalie goti jipya na moyo ule ule wa zamani.

Mjomba, sisi wa kompyuta kitu kikiganda tunadhani kimeharibika, tunakizima. Kwa watu wako kimepoa tu, kinahitaji joto. Nipigie simu. Na safari hii usimpe mama.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Chiriku