Nilimshika Mume Wangu Kanzu Wakati Anapimwa Kusimama

Bibi Mwanamkuu, shikamoo, naomba unitoe kwenye siri hii maana imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi wa tano mume wangu alianguka kutoka juu ya lori akifunga turubai la madebe ya asali, kichwa kikapiga lami, damu ikavia kwenye ubongo, akalala hospitali wiki sita, na aliporudi alikuwa anaongea vizuri na kugomba vizuri kama zamani ila mwili umesahau kusimama, anayumba kama meza iliyokatwa mguu, akapewa fimbo ya chuma yenye miguu minne. Kila mwezi tunakwenda kliniki ya mazoezi kwa Dada Advera, naye humpima kwa vitendo kumi na vinne, kuinuka kitini bila kushika kitu, kusimama amefumba macho, kugeuka kuangalia nyuma, kuokota kiatu, kusimama mguu mmoja, kila kitendo alama nne, jumla hamsini na sita, na mara ya kwanza alipata thelathini na moja.

Mama mkwe wangu Bi Nunu kusikia hivyo akasema katika ukoo wao hajafeli mtu, basi ua wetu hapa Ipuli, huu wenye mlango wa kijani, ukageuka darasa, kila alasiri mume wangu anasimamishwa mguu mmoja, shemeji Humaidi anamtupia viatu aokote, na jirani yetu Mzee Mabruki fundi cherehani anahesabu sekunde, na kwa kuwa anampenda anahesabu moja, nne, tisa, kumi, sote tunapiga makofi. Haraka ya nini, binti yetu Sheima anaolewa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na katika ukoo wa Bi Nunu baba wa bibi harusi ndiye anayewamiminia kahawa wageni wa bwana harusi, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, na mume wangu ameapa atamimina amesimama bila fimbo wala hatamwachia Humaidi.

Basi siku ya kipimo nikamfunga kanga kiunoni ndani ya kanzu, nikamwambia ni ya kuzuia baridi, ncha nikaitoa kwenye mshono wa nyuma nikaishika ndani ya buibui langu, Dada Advera akasema, "Mama, sogea kidogo," nikamjibu, "Nikisogea anaingiwa na woga," na kila alipoyumba kulia nikavuta kushoto, akapata hamsini na moja, Dada Advera akamruhusu kuiacha fimbo akiwa nyumbani, mume wangu akalia, nami nikalia, kila mtu na sababu yake.

Jumapili wazee wa bwana harusi walikuja kutoka Ziba, mume wangu akainuka na dele kuwaonyesha, mimi niko jikoni, akaenda hatua tatu akakaa juu ya sinia la pilau, na wazee wawili ambao hawajashiba wakaendelea kula pembeni yake kwa heshima. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini daktari alituonya kwamba kichwa kile kikigonga tena huenda tukampoteza. Yeye anasema kosa ni la zulia. Nikimwambia kweli nitamvunja moyo, nikinyamaza atasimama tena na dele la moto, nifanyeje?

Mwenye Siri, Ipuli

*

Marahaba. Kwanza nikugombeze. Tangu Idi Kubwa hujatia mguu hapa Kwihara, leo unanibishia hodi kwa gazeti. Umeficha jina lako, kisha ukataja mama mkwe, shemeji, jirani, bibi harusi na rangi ya mlango. Haya, sikutaji, ingawa Tabora nzima ina mwanamume mmoja tu aliyekalia pilau mwezi huu.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaomba maji. Mara ya pili, pale kwenye maneno ya daktari, sikucheka.

Mwanangu, mkono uliovuta ile kanga ndio uliomlisha uji wiki sita. Naujua. Lakini umemdanganya. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, kwa hiyo sijui kuogopa kufeli, labda ndiyo maana naona msichokiona. Advera hatafuti wa kumpa zawadi. Anatafuta mwili unapolegea ili aanzie hapo. Ukipima karanga kidole chako kikiwa juu ya mizani, karanga haziongezeki. Zile hamsini na moja ni alama za mtu mwenye miguu minne, miwili yake na miwili yako.

Fimbo mrudishie leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Kisha mfungie mlango wa chumba umwambie, "Baba Sheima, siku ile nilikuwa nimekushika." Akikasirika, mwache akasirike amekaa. Kesho mwende kwa Advera, umweleze yote, apimwe upya, amevaa suruali, na wewe ubaki nje na hilo buibui lako. Akipata thelathini na tano, ni zake. Mabruki arudi kwenye cherehani, akitaka kuhesabu ahesabu vifungo. Humaidi avivae viatu.

Na kahawa? Muulizeni Bi Nunu yaliyokuwa siku ya arusi yake mwenyewe. Nilikuwepo, nilimfunda mimi. Baba yake goti lilikuwa limevimba kama boga, akamimina amekaa kwenye kiti. Wageni wakaja mmoja mmoja, wakainama, wakapokea. Hakuna aliyesema baba kakaa. Walisema wageni wana adabu. Nunu anakumbuka vizuri sana, anajifanya tu. Mwekeeni mume wako kiti chenye mikono, dele liwe la vuguvugu, na Ziba nzima imfuate hapo.

Arusi ikiisha, njooni. Advera akikubali, bodaboda ziwashushe barabarani, mume wako aje mpaka kwangu na fimbo yake, Humaidi ubavuni. Wewe utakuja nyuma yao, umebeba dumu la asali mkono mmoja na kuku mkono wa pili. Nitakuwa kibarazani, naangalia mikono yako.