Sikuchungulia Karatasi ya Mzee

Kwa binti yangu Nekesa,

Natumai karatasi hii imekukuta umekaa, si umesimama na ndoo mkononi. Kukhu, nyanya yako, anaendelea aje, ule mguu umeshuka uvimbe? Mwambie asiutie maji baridi, nimesema mimi. Wafula ameacha kukohoa? Nafula bado anakataa uji? Mpe asubuhi kabla hajaona chai. Shangazi yako, senge Rosa, naye msalimie, leso yake iko hapa, nimeifua, sijaivaa hata siku moja. Na ng'ombe kama amezaa niambie. Na wewe, mama yangu, unakula? Mimi huku Kitale ni mzima, ni baridi tu.

Barua yako ililetwa na mama wa vitunguu, yule anayekuja kuuza huku. Ningepiga simu, lakini simu ya kukhu inapiga kelele hadi kwa jirani, na haya ni yetu. Umeandika, "Mama, omba tu msamaha yaishe." Nimesoma polepole nikarudia. Hapana, Nekesa. Siombi. Wacha nikwambie vile ilikuwa, maana wewe umesikia ya Bwana Makokha peke yake.

Unajua huyu Mzee Simiyu ninayemfanyia kazi alikuwa mwalimu wa muziki. Jumamosi rafiki zake wanakuja, anawawekea santuri kidogo tu, kama mtu afungue mlango na kuufunga, halafu anauliza huo ni wimbo gani, nani aliutunga. Ni nyimbo za vyombo vya muziki tu, bila maneno, za Wazungu wa zamani, na Mzee anachagua zile ambazo ati hata huko kwao watu hawazijui. Wanabishana kama watu wa soko la ng'ombe. Bwana Makokha, mwalimu wenu wa kwaya ya kanisa, hutoka huko nyumbani Kamukuywa kuja kucheza, maana Mzee alimfundisha zamani.

Jumamosi ya huo ugomvi Bwana Makokha alikuwa amepata tatu mfululizo, anajigamba. "Leta ngumu bana!" Mzee akaweka nyingine. Filimbi moja ikalia peke yake, halafu akaikata. Wakakisia, hakuna aliyepata. Mimi nilikuwa napanga vikombe. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwa jagi la maji, nikajisikia nasema, "Hiyo si ni ya maharagwe."

Walicheka! Mmoja akajimwagia chai kwenye suruali.

"Maharagwe gani, Mama Nekesa?" Bwana Makokha akaniuliza. "Rosekoko ama ya manjano?"

Wacheke tu. Saa ya jikoni ilikufa mwaka niliokuja hapa, na hakuna aliyenunua nyingine. Miaka minane mimi napika kwa santuri za Mzee. Huo wimbo ukianza nabandika maharagwe, na vingine vyote vikinyamaza ibaki hiyo filimbi, naongeza maji. Kuna ya maziwa, kuna ya kuchemsha mayai. Majina ya nyimbo zenyewe siyajui. Nilienda kwa rafu nikatoa santuri yenye picha ya daraja, nikampa Mzee. Akaigeuza, akasema, "Ndiyo hii."

Hapo kicheko kikaisha. Bwana Makokha akasema nilichungulia, kwamba Mzee huandika majibu asubuhi na kuyaacha mezani, na mimi ndiye napanguza meza.

Nikamwambia, "Bwana Makokha, karatasi yenyewe ina maneno ya nchi za mbali. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Hata ningeilalia ningeamka bila kujua kitu."

"Omba msamaha mbele ya hawa watu, ama habari itafika nyumbani."

"Ipeleke."

Na ameipeleka kweli. Amekutoa kwa kuongoza kwaya, wewe ambaye hata jikoni hukuwepo, ati mtoto wa mwizi wa majibu hawezi kusimama mbele. Hiyo ndiyo imeniuma, si kile kicheko. Nimekuwa nikipanguza vitu vilivyo safi.

Mzee siku hiyo hakunitetea. Jumatatu nilimwekea chai nikamwambia, "Mzee, ulijua sikuchungulia na ukanyamaza." Baadaye akampigia Bwana Makokha simu. Wameafikiana Jumamosi hii aje na nyimbo kwa simu yake, azichague kati ya zile zilizo kwa santuri za hapa, lakini ziwe zimepigwa na watu wengine. Karatasi haitakuwepo. Mimi nitakaa kwa kiti kama wao, nisikilize na kutoa santuri ya kila wimbo.

Naogopa, sikufichi. Mzee alinijaribu na ile ya maharagwe kwa simu, imepigwa na watu wengine. Nikaijua, lakini nikamwambia hawa wanaharakisha, kwa hawa tungekula maharagwe mabichi. Alicheka hadi akakohoa. Nyingine mbili zilinipita. Sasa ujue: nikishindwa Jumamosi nitasema nimeshindwa. Sitasema nilichungulia, kwa sababu sikuchungulia.

Wewe usiache kuimba. Imba ukichuma sukuma wiki, imba ukikamua, na Bwana Makokha akipita njiani usipunguze sauti.

Nisalimie mama mchungaji, mwambie namheshimu bado. Msalimie mjomba wako wa Naitiri akija kuchukua mbegu, na jirani yetu fundi wa baiskeli. Akiuliza, msomee barua yote, nimeona sina la kuficha.

Nekesa, mama wa vitunguu anarudi huku Alhamisi. Mpe jibu mkononi, hata kama ni mstari mmoja. Nijue kabla ya Jumamosi kama ulienda kwa Bwana Makokha kuniombea msamaha. Kama ulienda, vaa viatu sasa hivi, rudi kwake ukamwambie mama amekataa.

Mimi mama yako,
Rodah