Kwato ya Karani

Bashay, 6/2/2023

Mama Scolastica,

Shikamoo mama. Habari za Endagikot, na wifi Zita na watoto? Sisi hatujambo, mahindi yameshika, ni baridi ya asubuhi tu inayotusumbua. Ningekupigia, ila Baltazar anasema simu inakuumiza sikio na unamkatia mtu katikati ya salamu.

Najua hukutegemea barua yangu. Tangu mwanao anioe mimi, binti wa Kiislamu wa Katesh, nawe ukahamia kwa Zita, salamu zetu zinapitia kwake tu. Lakini leo nina shida. Karani, punda wako, amekanyaga msumari wa bati kule wanakojenga darasa. Baltazar aliung'oa, ila kwato inatoa usaha na mguu hataki kuuweka chini. Bwana mifugo alipita akamchoma sindano ya pepopunda, akasema kidonda tukihudumie wenyewe. Baltazar amechoka, anataka kumuuza kwa wachuuzi wa punda. Nimemwomba asubiri. Nasikia uliwahi kumponya kwa dawa za majani. Nieleze mama, nitafanya. Sitaki ulichotuachia kifie mikononi mwangu.

Mkweo,
Mariamu

Endagikot, 11/2/2023

Kwako Mariamu,

Marahaba. Hapa ni wazima, isipokuwa magoti yangu. Barua nimeipata kwa Joakimu, yule wa gari la maharage. Baltazar mwambie punda si wake. Karani alikuwa ananibebea maji yeye bado anatafuta daftari lake chini ya kitanda kila asubuhi.

Sasa sikiliza. Kwenye mawe juu ya zizi kuna shubiri. Kata majani yaliyokomaa, yasimamishe mpaka maji ya njano yaishe, maana hayo yanawasha. Chukua ule ute wa ndani, uponde na asali na manjano kidogo. Chemsha maji ya chumvi, yakipoa kiasi cha mkono kuvumilia, aweke mguu humo mpaka uchafu ulainike. Toa usaha wote, usiogope akikukoromea. Paka dawa. Halafu mfunge vizuri, asikanyage mavi. Umfungue asubuhi na jioni tu, wakati wa kuosha.

Kiswahili changu ni cha kanisani, ila nadhani umenielewa.

Mama Baltazar

Bashay, 26/2/2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yana nafuu. Mimi mwili mzima, moyo ndio haupo sawa.

Nimefanya yote. Shubiri nimekata, asali nimeomba kwa mzee Sulle. Karani nimemfunga kama ulivyosema, kwenye nguzo ya zizi kwa kamba fupi, na namfungua asubuhi na jioni tu. Lakini anazidi kuumwa. Mguu umevimba mpaka gotini, mavi anasimama humo humo, majani hataki. Nikienda na beseni ananiegemezea kichwa kifuani, nami ndiye ninayemtesa.

Nimelia mama, nakwambia kweli. Labda dawa ni nzuri ila mkono wangu ndio haukubaliki katika nyumba yako.

Mkweo,
Mariamu

Endagikot, 1/3/2023

Mariamu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikampa Zita naye akasoma, tukatazamana. Mwanangu, ni mguu. Nilitaka ufunge mguu, kwa kitambaa safi, na juu yake umvalishe kipande cha gunia. Punda mwenyewe atembee taratibu. Mfungulie sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma.

Kwa Kiiraqw ningekueleza sawasawa. Hizi "mfunge" na "ufunge" mwalimu alinichapia sana na bado hazikuingia. Kwa hiyo usiseme tena maneno ya mkono kutokubaliwa. Mkono wako hauna kosa. Kosa ni la herufi moja, nayo ni yangu.

Mengine hayaandikiki. Jumamosi nakuja na gari la Joakimu, nikuonyeshe kwa macho. Silali, jioni narudi.

Mama Baltazar

Bashay, 12/6/2023

Mama yangu,

Shikamoo. Ulifika salama juzi? Zita alisema mvua iliwakuta njiani, nikakosa raha.

Kuna jambo limenikaa kooni. Karani amepona. Tena si jana, amepona tangu kabla ya Pasaka. Kwato imekauka na kuwa ngumu, siku za kazi anabeba maji na kuni bila shida, Baltazar ni shahidi. Ila kila Ijumaa jioni namvalisha kitambaa na gunia ili Jumamosi ukija umkute mgonjwa. Yeye mwenyewe ameshazoea, ananyoosha mguu kabla sijainama.

Niliona mguu ukipona huna tena sababu ya kuja. Ukiwa hapa Baltazar anacheka, nawe unanikosoa uji wangu na mimi nafurahi kukosolewa. Ukiondoka nyumba inapoa. Nisamehe kwa kukupandisha gari na magoti yako yale kwa ajili ya mguu mzima. Sitamfunga tena. Usipokuja nitaelewa, ila nitaumia.

Mwanao,
Mariamu

Endagikot, 14/6/2023

Mwanangu Mariamu,

Marahaba. Nilifika salama, mvua haijawahi kuniua.

Nimefuga punda tangu sijaolewa, halafu unadhani siijui kwato iliyopona? Nilijua Jumamosi ile tuliyopalilia maharage pamoja. Nilimbonyeza pale penye shimo la msumari, hata sikio hakutikisa. Nikasema moyoni, huyu mtoto ananidanganya. Kisha nikapanda kwenye mawe kukata shubiri nyingine.

Nilipohama nilisema mbele ya watu kwamba sirudi. Mtu mzima akishasema hivyo, anarudije? Nilihitaji mgonjwa wa kumfuata. Mguu ule nilitaka uendelee kuuma kuliko ulivyotaka wewe, Mungu anisamehe, maana mnyama hana kosa. Kila Jumamosi nikiosha, nilikuwa naomba usije ukaniambia ukweli.

Sasa umeniambia. Hatuna mgonjwa tena, basi nakuja bila sababu. Jumamosi Baltazar anisubiri barabarani na Karani. Nina godoro, jiko na sanduku la nguo. Zita analia hapa pembeni yangu, lakini yeye nimekaa naye vya kutosha.

Mama yako,
Scolastica