Nilisema "Letu" Pale Boma

Rangwi, 9 Juni 1974

Kaka Aloisi, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi wazima, na ng'ombe wako mweupe kazaa jike.

Jumanne nilikwenda boma kuandikisha lile shamba la bondeni alilotuachia baba, lisije likachukuliwa na kijiji. Jumba la Mjerumani unalijua, kuta nene kama za kanisa. Nilikaa barazani mpaka adhuhuri, ndipo karani akaniita.

"Mama, shamba ni la nani?"

"Ni letu, mwanangu."

"Safi sana! Huo ndio ujamaa!" Akaandika: shamba la kijiji. Akagonga muhuri.

"Letu, yaani mimi na kaka yangu!"

Akacheka. "Sasa mama, si ungesema langu?"

Kaka, nina hasira hata rozari haisaliki. Nani alitufundisha kusema "langu"? Hata Mungu tunamwita Baba Yetu.

Jumatatu tarehe 17 wanakuja kulipima shamba. Tafadhali panda basi, uje ulitamke wewe hilo neno pale boma. Mimi nimelijaribu njia nzima, halitoki. Ila ukishalisema, kaka, usilizoee.

Ni mimi mdogo wako,
Secilia