Moja Iliyobaki Ndani ya Mabano

Baba,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Mtihani wa kidato cha nne nimeshamaliza, matokeo bado. Ila ninalotaka kukuambia ni la ule ukuta wa uani, ulioupaka rangi nyeusi ukawa ubao wa kufundishia watoto wa mtaa hesabu. Baba Mdogo alitaka kuupaka chokaa. Tangu ututoke hakuna aliyeugusa, na Mama kila akienda kuanua nguo alikuwa anauangalia na kulia. Nikasema, kwa sauti yangu ile unayoijua, kwamba nitafundisha mimi. Baba Mdogo akacheka kwa upole.

"Wewe, Salima? Hata shikamoo yako huwa tunaibahatisha."

Akanipa Jumamosi moja. Nikishindwa, anapaka.

Watoto wakaja, Baba. Niliandika 12x + 18y + 6, nikawaambia watafute kigawo kikubwa cha shirika, ile namba kubwa kuliko zote inayogawa kila kipande bila kubakiza. Wakaanza na mbili, wakajaribu tatu, mwisho wakafika sita, nikasema waitoe nje ya mabano. Hadi hapo nilikuwa nanong'ona tu, chaki imelowa jasho. Kisha Zuhura wa jirani, yule uliyekuwa unamwita wakili, akaandika 6(2x + 3y) na kujipangusa mikono. Wenzake wakampigia makofi.

Nilitaka kunyamaza. Kweli nilitaka. Lakini nikakusikia: "Usifute mpaka uzidishe urudi ulikotoka." Nikawaambia wazidishe. 12x ikarudi, 18y ikarudi. Ile sita ya mwisho haikurudi.

"Sista, imeliwa na ukuta," akasema Zuhura.

Wakacheka, nami nikacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonifungua koo. Nikawaeleza kwamba sita ukiigawa kwa sita haipotei. Inabaki moja, na hiyo moja ina nafasi yake ndani ya mabano kama wenzake. Nikaandika 6(2x + 3y + 1). Nilipogeuka nikamwona Baba Mdogo kasimama nyuma yao na ndoo yake ya chokaa, sijui tangu saa ngapi.

"Mwalimu," akasema, "hebu rudia hapo kwenye moja. Huku nyuma hatujasikia."

Mwalimu. Aliniita hivyo mbele ya watu, Baba. Nikarudia kwa nguvu mpaka fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akainua kichwa.

Chokaa imeishia kwenye ukuta wa choo. Jana Baba Mdogo kaleta rangi nyeusi, na Mama mwenyewe ndiye aliyeshika brashi. Hakulia. Alitusimamia kama unavyomjua, anasema pale pembeni hapajakolea.

Pumzika sasa, Baba yangu. Nakuahidi sitafuta ubao kabla hatujazidisha tukarudi tulikotoka. Na nitasema kwa sauti, hata wa nyuma kabisa wanisikie.

Mwanao,
Salima