Meza ya Bwana Uliyoila Mara Moja

Mume wangu Baba Zebedayo,

Sikuulizi hali. Uliko hakuna malaria wala kikohozi, tusipotezeane muda. Mimi ni mzima, goti bado linauma, na yule jogoo wako mkorofi tumemla Krismasi hii. Alikuwa mgumu kama mwenyewe.

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi hizi kubwa nilizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima kanisani. Naandika wazi, ili wasomewe pia wazee wote wa hapa Muyama wanaosema "kesho" kama ulivyokuwa ukisema wewe.

Ulinioa kwa ng'ombe, sikatai. Baba yangu aliwapokea, pombe ikanywewa, nikaja kwako. Lakini kanisani hatukwenda, na kwa utaratibu wa kanisa letu, wasiobariki ndoa hawali Meza ya Bwana. Miaka yote hiyo nilifagia kanisa, nikapanga maua, na wenzangu wakiinuka kwenda mbele mimi nabaki nimekaa kama mtoto aliyenyimwa chakula. Nikikwambia, unajibu, "Nilitoa ng'ombe. Mchungaji ananidai nini tena?" Ukiwa umeshiba ndipo unasema mabaya zaidi: "Mama Zebedayo, we subiri nife. Nikifa tu utakuwa mjane, watakufungulia, utakula meza yako mpaka uvimbiwe." Unacheka, na watoto wanacheka.

Mimi sikucheka. Jibu langu ulilijua: sitaki kula mimi, wewe uko nje. Nimekupikia tangu ujana wangu, sijapata kula nikakuacha mlangoni. Nianzie kwa Mungu?

Mwaka huu Warundi walipoanza tena kukimbia kwao na kuvuka mpaka pale Manyovu, tuliwalaza jikoni wazee wao wawili, mume na mke. Mume alikuwa anahema kama mvukuto wa mhunzi, na asubuhi ya pili hakuamka. Ulichimba kaburi wewe na Zebedayo, pembeni ya migomba. Nilisubiri yule mama apige ukunga, hakupiga. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akasema kwa Kirundi, nasi tukamwelewa kama Kiha chetu tu: "Tangulia, nakuja." Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake njiani kuelekea sokoni. Kisha akaomba maji anawe.

Ulisimama pale na jembe lako. Siku hiyo hukunitania, na kesho yake hukunitania, nikadhani unaumwa. Halafu nikiwa namenya muhogo ukaja, ukatazama pembeni, ukauliza, "Yule kijana mwinjilisti, mafundisho ya ndoa anafundisha lini?"

Nikasema Jumamosi. Nikaendelea kumenya. Ningekutazama ungeghairi.

Mafundisho yenyewe yalikuwa aibu tupu. Tumekaa na mabinti na vijana wanaominyana vidole. Mwinjilisti, naye ni mtoto wa juzi, akasoma swali lake: "Mzee, mmechumbiana kwa muda gani?" Ukamjibu, "Tangu baba yako anatembea bila suruali." Akauliza kama wazazi wetu wameridhia. Ukasema, "Kawaulize. Wamelala migombani." Darasa zima likavunjika mbavu. Nilikukanyaga mguu, lakini na mimi nilikuwa nacheka kwenye kanga.

Siku ya ndoa uliazima koti kwa mwalimu mkuu, yule wa kutoka Mbeya, mikono ikakufunika mpaka vidole. Vijana wakaita, "Bwana harusi, nywele zimeingia unga!" Ukawapungia mkono kama mbunge. Tukaapa. Tukaenda mbele pamoja, tukapiga magoti, na mimi la kwangu likalia kama mlango. Ulipopewa mkate ukanigeukia, ukanong'ona, "Ndiyo haka kamkate tu? Ulikokuwa unakalilia miaka yote?" Nikakufinya. Lakini nilikuona, Baba Zebedayo. Nilikuona ukijifuta uso na mkono wa koti la watu.

Basi. Mvua ya kwanza ikaja, tukapanda maharage. Ukaenda kupalilia kahawa ukiwa mzima, ukarudi umeshika kifua. Tukakupakia kwenye gari la mfanyabiashara. Tulipofika hospitali kule Kasulu ulikuwa umeshanyamaza.

Watu akifa kijana ndipo wanasema maisha ni mafupi. Hata ya mzee ni mafupi. Tulipokupakia garini uji wako ulikuwa bado una joto. Ungesema "kesho" mara moja zaidi, leo ningekuwa naandika barua nyingine kabisa, au nisingeandika.

Msibani hawakukosa wenye midomo. Mmoja, simtaji, anajijua, akasema, "Maskini bibi harusi, mjane na mchele wa harusi haujaisha." Nikamjibu, "Wako anakoroma nyumbani na kanisani hajafika. Kamwamshe." Mwingine akanijia kwa huruma, eti kula Meza mara moja tu kunatosha kweli? Nikamwambia yule mwizi msalabani hakula hata mara moja, na alipokelewa siku ile ile. Na wewe, Baba Zebedayo, una nini cha kumzidi mwizi? Una mke aliyekusumbua, basi. Anayeokoa ni Yesu, hahesabu vijiko.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mbele peke yangu. Sikutaka kushikwa mkono. Nililia, ndiyo, usijivune. Lakini nililia kama mtu aliyeachwa nyuma kidogo njiani, sikulia kama mtu aliyepoteza.

Sasa kuna jambo limenikera. Juzi nilimwuliza mwinjilisti kama huko nitakukuta ukiwa bado mume wangu. Kijana akapepesa macho, akasema Bwana Yesu alifundisha kwamba huko watu hawaoi wala hawaolewi. Nikamwambia, "Ungesema mapema, kabla sijamhangaisha mzee wa watu!" Nikarudi nyumbani nimefura, nikamfokea mbuzi asiye na kosa.

Baadaye nikatulia. Kwani nilikuwa nagombania nini? Mume nilikuwa naye tangu zamani, wa ng'ombe zake. Nilichogombania ni usibaki nje. Na hukubaki. Mengine huko Mungu ayapange anavyojua, nyumba ni yake.

Siji leo wala kesho. Maharage hayajavunwa, na Zebedayo bado hajui kuanika kahawa vizuri. Lakini siku nikija, ndoa iwepo au isiwepo, usijifanye hunijui.

Ni mimi niliyekusumbua,
Mkeo, Mama Zebedayo